Efeso kwa nusu siku: msiyaruke magofu

Swali: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mwana WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) wa hapa Mafinga. Kikundi chetu cha watu 22 kinakwenda hija mwezi wa tano, na ndani ya ratiba kuna nusu siku moja ya Efeso, kule Uturuki. Imeandikwa: Nyumba ya Bikira Maria, magofu ya mji wa kale, Kanisa la Mtakatifu Yohane, hekalu la Artemi (mungu wa kike wa kale), duka la mazulia. Baadhi yetu wanasema magofu tuyaruke, hayo ni ya watalii, muda wote tukae kwenye sala. Nakwenda na mama yangu, ana miaka 71 na goti moja linamsumbua. Je, nusu siku inatosha? Tuanzie wapi? Na mama ataweza?

Jibu: Milele, Amina.

Nusu siku inatosha, dada yangu, ila kwa ratiba hiyo kama ilivyoandikwa haitatosha. Vituo vitano, na kimojawapo duka! Nimeshafuatana na mahujaji wa kutoka huku kwetu hadi Efeso mara nne. Mara ya kwanza tulifuata ratiba ya namna hiyo hiyo: magofuni tuliswagwa kwa dakika arobaini, dukani tukaketishwa saa nzima na robo tukiletewa chai kwenye vikombe vidogo huku zulia moja baada ya jingine likikunjuliwa miguuni petu, na tulipofika kwa Mtakatifu Yohane mlinzi alikuwa anafunga geti. Mama mmoja wa Kilolo alilia. Tangu hapo jambo la kwanza ninalofanya ni kumwambia wakala afute duka, na aandike kwamba amelifuta. Nanyi fanyeni hivyo kabla hamjalipa awamu inayofuata. Akiwaambia duka ni la bure, mjibuni kwamba saa moja ya Efeso si ya bure.

Sasa hao wanaotaka kuruka magofu. Nia yao ni njema, lakini wakifuatwa, kikundi chenu kitapita karibu tu na mahali ambapo mama zetu, bila kujua, wanapataja kila wanaposhika rozari. Nitalifikia hilo.

Sisi watu wa Iringa hatuhitaji kufundishwa gofu ni nini. Nenda Kalenga. Asiyejua kitu ataona mashamba, nyumba za watu na mabaki ya ukuta. Anayejua kwamba hapo ndipo ilipokuwa ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, iliyopigwa mizinga na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894, akiingia kwenye makumbusho akasimama mbele ya lile fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954, anavua kofia bila kuambiwa. Efeso ni hivyo hivyo. Mawe ni mengi mno, na bila Biblia mkononi yatawachosha ndani ya robo saa. Mkiwa na Matendo ya Mitume sura ya 19 yanaanza kusema.

Anzeni na Nyumba ya Bikira Maria, saa mbili asubuhi kama mnaweza. Iko juu mlimani, na barabara ya kuipanda inapita karibu na geti la juu la magofu, kwa hiyo mkishuka mnaingia magofuni moja kwa moja. Sababu nyingine ni meli. Kuşadası, bandari iliyo karibu, hushusha abiria kwa maelfu, na mabasi yao yakishapanda mlima mnasimama foleni ndefu kwa ajili ya dakika mbili ndani ya nyumba. Asubuhi mapema mnasikia ndege na maji ya chemchemi.

Nyumba yenyewe ni ndogo, ya mawe, chini ya miti. Ndani hakuna kupiga picha, na mstari haukomi kusogea, kwa hiyo mwambie mama asiahirishe sala yake akidhani atapata mahali pa kukaa. Aanze kusali akiwa bado kwenye foleni. Mabega yafunikwe, kwa khanga zenu hilo halina shida. Mkiwa na padre wenu, ombeni Misa mapema kwa watawa Wakapuchini wanaopahudumia. Kuna altare ya nje, na Misa ya Kiswahili chini ya miti ile ni kitu ambacho kikundi hakisahau. Mtakutana pia na akina mama wa Kiislamu wa Kituruki wamefumba macho wakiomba, maana Mariamu wanamheshimu sana. Wapisheni kwa upole.

Lazima niwaambie ukweli kuhusu nyumba hii, kwa sababu mwongozaji anaweza kuupita juu juu. Kanisa halijawahi kutamka kwamba hapa ndipo Maria alipoishi. Mwaka 1891 mapadre Walazaristi wa Izmir waliutafuta mlima huu wakifuata maono ya Anna Katharina Emmerick, sista Mjerumani aliyefariki mwaka 1824 bila kukanyaga kamwe nchi hii, wakakuta magofu ya kikanisa yanayofanana na alivyoeleza. Wakakuta pia kwamba Wakristo Waorthodoksi wa kijiji cha jirani walikuwa na desturi ya kupanda hapo kila tarehe 15 Agosti. Mapokeo mengine, ambayo ni ya zamani zaidi, yanasema Maria alilala usingizi wa mauti Yerusalemu. Hoja ya Efeso inasimama juu ya maneno ya msalabani, “Tazama, mama yako”: Yohane alimchukua Maria kwake, na Yohane alikuja Efeso. Mapapa watatu wamesali hapa, Paulo VI mwaka 1967, Yohane Paulo II mwaka 1979 na Benedikto XVI mwaka 2006. Kwangu mimi hiyo inatosha kupanda mlima na kusali kwa moyo wote. Haitoshi kumwambia mtu kwamba jambo limethibitishwa.

Chini ya nyumba kuna mabomba ya maji ya chemchemi, na ukuta uliofunikwa karatasi na vitambaa vya watu walioandika haja zao. Mnaona wenyewe la kufanya. Mimi huwaambia wangu waziandike nia zao nyumbani, tuziweke kwenye Misa.

Saa tatu na nusu muwe geti la juu. Sisitizeni hilo, la juu. Mji umejengwa kwenye mteremko, na anayeingia kwa juu anatembea akishuka hadi geti la chini, basi likimsubiri huko. Ni mwendo wa kilometa moja na nusu hivi, lakini kwa kusimama na kusikiliza ni saa mbili. Marumaru ya njia imesuguliwa na miguu ya karne nyingi hadi inateleza kama sakafu iliyomwagiwa sabuni. Viatu vya raba, kofia, maji. Mwezi wa tano jua bado lina huruma, lakini kivuli ni haba.

Sehemu ya juu msikae sana. Pale ni ofisi za serikali ya mji, ukumbi wa baraza na hekalu la Kaisari Domisiano. Zile nyumba za matajiri upande wa kushoto, zilizoezekwa paa la kisasa, ni nzuri ajabu, zina picha za ukutani na sakafu za vijiwe vya rangi, ila zina tiketi yake na ngazi nyingi. Kwa nusu siku ziacheni.

Mtashuka hadi kwenye Maktaba ya Celsus, na hapo kila mtu atatoa simu. Ni haki yao, ule uso wa ghorofa mbili wenye nguzo ni mzuri kweli. Lakini Mtume Paulo hakuuona. Maktaba hiyo ilijengwa na mtoto wa Celsus kwa heshima ya baba yake mwanzoni mwa karne ya pili, na Celsus mwenyewe kazikwa chini yake. Paulo alikuwa Efeso kati ya miaka ya 52 na 55 hivi. Mkishapiga picha, geukeni upande wa kulia wa maktaba. Kuna lango la matao matatu ambalo watu hulipita kana kwamba ni njia tu ya kutokea. Lilijengwa miaka mitatu au minne kabla ya Kristo na watu wawili, Mazaeus na Mithridates, waliokuwa watumwa wa nyumba ya Kaisari Augusto wakaachwa huru. Lango hilo lilikuwa limeshasimama zaidi ya miaka hamsini Paulo alipofika, na linaingia sokoni. Paulo alikuwa fundi wa mahema, na Akila na Priskila waliofika naye mjini walikuwa mafundi wa kazi hiyo hiyo. Mtu wa kazi hiyo haishi miaka mitatu mjini bila kupita lango la soko. Mara ya mwisho nilipokuwa pale baba mmoja wa kikundi chetu, fundi cherehani, aliweka kiganja chake kwenye jiwe la tao akakiacha hapo muda mrefu, wenzake wakimsubiri, hakuna aliyemharakisha.

Kutoka hapo Barabara ya Marumaru inawapeleka kwenye Ukumbi Mkuu, ule wa mawe uliochimbwa ubavuni mwa mlima, wa kukaa watu 24,000 hivi. Hapa simameni nusu saa. Kaeni kwenye ngazi za chini, mtu mwenye sauti asome Matendo 19, kuanzia aya ya 23 hadi 41. Haichukui hata dakika tano. Mtasikia habari za Demetrio mfua fedha, anayetengeneza vihekalu vya Artemi, akiona biashara inaanguka kwa sababu ya mahubiri. Mtasikia watu wakikimbilia ukumbini humo humo mlimokaa, wakiwakokota Gayo na Aristarko, wakipiga kelele kwa saa mbili, “Artemi wa Waefeso ni mkuu!” Mwongozaji anaweza kuwaambia kwamba Paulo alihubiri hapa. Someni aya ya 30 na 31 taratibu: Paulo alitaka kuingia, wanafunzi wakamzuia, na wakuu wa Asia waliokuwa rafiki zake wakatuma watu kumsihi asithubutu. Aliyewatuliza watu ni karani wa mji, mpagani, kwa kuwakumbusha kwamba mahakama zipo. Kwa hiyo mahali mnapokaa ni mahali ambapo Mtume alitamani kufika akashindwa kwa sababu ndugu zake walimpenda. Mimi hilo linanigusa kuliko kama angehubiri humo mara kumi.

Wasomeeni pia aya ya 19 ya sura hiyo hiyo, habari za watu waliochoma vitabu vyao vya uganga hadharani, thamani yake vipande hamsini elfu vya fedha. Huku kwetu, ambako tunajua mtu anavyoweza kusali Jumapili na Jumatatu akabisha hodi kwa mganga, sijaona kikundi kisichonyamaza kikisikia hesabu hiyo.

Mbele ya ukumbi kuna barabara pana iliyonyooka ikaishia kwenye majani. Ilikuwa inaishia bandarini. Mto ulileta tope mwaka hadi mwaka, bahari ikarudi nyuma kilometa kadhaa, na mji ukafa kwa kukosa meli.

Sasa lile nililoahidi. Mkitoka ukumbini kuelekea geti la chini, upande wa kushoto, nje kidogo ya njia ya umati, kuna Kanisa la Maria. Vikundi vingi havifiki, kwa kuwa limebaki kuta na nguzo chache, na wakati huo watu wanataka choo na soda. Mwambieni mwongozaji wenu mapema, kwa jina: Kanisa la Maria, lile la Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu. Aulizie kama njia iko wazi, maana wachimbaji hufunga sehemu moja leo na nyingine kesho.

Tarehe 22 Juni mwaka 431 maaskofu karibu mia mbili walikutana Efeso, na barua zao zinasema walikutana katika kanisa liitwalo Maria. Swali lilikuwa moja: je, ni halali kumwita Maria Mama wa Mungu? Nestorius, askofu mkuu wa Konstantinopoli, alisema bora aitwe Mama wa Kristo. Sirili wa Aleksandria alisema hapana, aliyezaliwa na Maria ni Mungu mwenyewe aliyefanyika mtu, tukimgawanya tumepotea. Kikao hicho hakikuwa cha malaika. Nestorius hakuhudhuria, maaskofu wa Antiokia walikuwa bado wako njiani Sirili alipoufungua Mtaguso, na walipofika wakafanya kikao chao kwa hasira. Lakini Sirili aliandika barua kwa watu wake wa Aleksandria akisimulia siku ile: watu wa Efeso walisubiri nje tangu asubuhi hadi jioni, na waliposikia uamuzi wakawasindikiza maaskofu hadi walikofikia wakiwa na mienge, wanawake wakitangulia na vyetezo vya ubani, mji mzima umewashwa taa.

Wanawake na vyetezo, dada yangu. WAWATA wa Efeso, kama mtaniruhusu.

“Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee.” Ombi hilo liliingia kwenye Salamu Maria karne nyingi baadaye, lakini haki ya kutamka hayo maneno matatu, Mama wa Mungu, ilitetewa hapo. Mama yako anayatamka mara hamsini kwa rozari moja. Ndiyo maana nasema msiruke magofu. Nyumba ya mlimani ni ya mapokeo na inabishaniwa. Hapa kuna barua za watu waliokuwepo. Ingieni hadi mwisho wa mashariki, kwenye ule ukuta wa nusu duara, salini fungu moja la rozari kwa Kiswahili, kwa sauti. Mkitoka, upande wa kaskazini angalieni birika la ubatizo lililochimbwa sakafuni.

Hapo itakuwa saa sita kasoro. Basi liwapeleke mji wa Selçuk, mwendo wa dakika chache, kwenye kilima cha Ayasuluk. Askofu Polikrate wa Efeso aliandika kwenye mwaka 190 kwamba Yohane amelala Efeso, na Kaisari Justiniani akajenga juu ya kaburi hilo, katika karne ya sita, kanisa la umbo la msalaba lenye urefu wa mita 130 hivi. Kaburi limewekewa marumaru na nguzo nne. Someni mstari mmoja wa barua ya kwanza ya Yohane, nyamazeni kidogo. Robo tatu ya saa inatosha. Hekalu la Artemi msiende: kutoka kilima hicho mnaiona chini nguzo yake moja iliyobaki, na aghalabu korongo kajenga kiota juu yake. Karibu nayo mnaona msikiti wa Isa Bey, wa mwaka 1375. Saa saba mko mezani.

Nimemwacha mama kwa makusudi, kwa sababu ukishajua nini ni nini, jibu lake linakuwa jepesi. Kinachotesa goti ni ule mteremko wa kutoka geti la juu. Ukumbi Mkuu na Kanisa la Maria viko karibu na geti la chini, na njia ya huko karibu yote ni tambarare. Kwa hiyo kikundi kishuke geti la juu, mama abaki kwenye basi na mtu mmoja wa kumsaidia. Basi lazima liende geti la chini kuwasubiri. Apumzike, anywe maji, aende chooni, kisha saa nne na nusu hivi aingie kwa geti la chini na fimbo yake, awakute ukumbini. Atakosa maktaba. Hatakosa mahali pa karani wa mji wala mahali pa Mama wa Mungu. Hakikisheni tu tiketi yake anayo mkononi na si kwa mwongozaji aliyeko juu. Kosa hilo nimelifanya mwenyewe, bibi wa watu akakaa getini saa nzima.

Kama anataka kujaribu kuteremka na wenzake, mpelekeni kwanza Isimila Jumamosi moja, ni njiani tu mkija Iringa. Ashuke korongoni hadi kwenye zile nguzo za udongo, apande. Goti likilala salama usiku huo, ongeeni na daktari wake. Likivimba, basi ni geti la chini, na asijione ameachwa.

Jambo la lugha. Mwongozaji wa Kituruki atazungumza Kiingereza. Mchagueni mmoja wenu tangu sasa wa kutafsiri, na wengine watatu wa kusoma, mmoja ukumbini, mmoja Kanisa la Maria, mmoja kwa Yohane. Wafanye mazoezi kwenye jumuiya. Biblia ya karatasi ni bora, simu haisomeki kwenye jua lile.

Na maji ya chemchemi. Najua mtateka, wote huteka. Chupa iingie kwenye sanduku kubwa, imefungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki, isiwe kwenye mkoba wa mkononi. Uwanja wa ndege wa Izmir hawapitishi. Yule mama wa Kilolo niliyemtaja aliambiwa aitupe kwenye pipa. Alikataa, akafungua kizibo, akawagawia wenzake mmoja mmoja pale pale kwenye mstari, kila mtu funda moja, ya mwisho akanywa yeye, akawakabidhi chupa tupu.